Nywele za Mtoto Twazipima. Je, na Mtoto Mwenyewe?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, tumeona tulete mbele ya wasomaji kadhia ambayo si mazoea kuandikwa katika kurasa kama hizi, nayo ni kadhia ya uzito wa mtoto siku anayozaliwa. Huenda msomaji akasema, "Haya ni mambo ya wakunga na madaktari, shekhe ana nini humo?" Nasi twamwomba asubiri asome mpaka mwisho, kisha ahukumu.

Haifichiki kwamba katika sunna za siku ya saba ni kumnyoa mtoto nywele zake, zikapimwa, ikatolewa sadaka fedha ya uzito huo. Watu wetu wa Voi, wa Mwatate na wa Taveta hawaiachi sunna hii, na wanafanya vyema. Nimehudhuria akika nyingi. Nimeona mizani ya sonara ikiazimwa, na wazee wakibishana kama nywele zimefika gramu mbili au hazikufika. Lakini katika miaka yote hiyo sikupata kumsikia mwanamume hata mmoja akiuliza: huyu mtoto mwenyewe alizaliwa na uzito gani? Wala mimi sikuuliza. Mbuzi wawili huchinjwa akiwa mtoto ni mvulana, mmoja akiwa msichana, pilau ikapikwa, jamaa wakaja kutoka Mombasa. Na mama aliyembeba mtoto yule miezi tisa huenda katika miezi hiyo yote hakupata hata paja la kuku.

Nami kabla sijamlaumu mtu nitaanza na nafsi yangu, kwani ndiyo niijuayo zaidi.

Katika mwezi wa Shaabani wa mwaka 2022, nilipokuwa nikisomesha bab ya saumu, nilifika mahali palipotajwa ruhusa ya mwenye himila na mnyonyeshaji. Nilisoma maneno ya wanachuoni kama yalivyo, na lau ningaliishia hapo ingalikuwa kheri. Lakini niliongeza yangu. Nilisema kwamba ruhusa ni ya wanyonge, na kwamba bibi zetu walifunga na huku wakitwanga, na kwamba mwanamke mwenye imani ya kweli haitafuti ruhusa. Wanaume walitikisa vichwa kwa kupendezwa. Nyuma ya pazia walikuwako wanawake, na miongoni mwao alikuwako mke wangu, naye ana mimba ya miezi mitano.

Akafunga mwezi mzima. Mwaka ule, kama wenyeji wanavyokumbuka, mvua zilikuwa zimekatika msimu baada ya msimu, na Voi ilikuwa kama tanuri. Mifereji yetu ilikauka siku nyingi katika juma. Maji tulikuwa tukinunua kwa wenye mikokoteni, na siku ambayo mkokoteni haukupita, mke wangu alijitwika mtungi wa lita 20 kutoka kwenye kioski. Nilikuwa nikimwona. Nilimwambia, "Mwenyezi Mungu akujazi kheri," kisha nikaenda zangu msikitini. Na mama yangu mzazi, naye kwa mapenzi yake, alikuwa akimwambia wakati wa daku, "Mwanangu, usile sana, wala mayai usiyaguse, mtoto akiwa mkubwa watakupasua."

Mtoto alizaliwa mwezi wa Julai, siku zake zimetimia, naye ni msichana. Uzito wake ulikuwa kilo 1 na gramu 900. Mkunga aliyemzalisha, mama wa Kitaita wa makamo, alinijia mlangoni akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, kitabu cha mama cha kliniki umekisoma?" Nikamwambia sikukisoma. Akanifungulia. Mlikuwa mmeandikwa humo tangu mwezi wa Februari kwamba damu yake ni chache, imeshuka hadi 8. Kwamba amepewa vidonge vya madini ya chuma. Kwamba apumzike na kuongezewa chakula. Na kwamba mume wake afuatane naye safari ya pili. Kitabu kile kilikaa nyumbani mwangu miezi mitano, katika kabati lile lile nililowekea Minhaji na sherehe zake. Vitabu vya kabati lile nilikuwa nikivijua vyote isipokuwa kimoja.

Mwanangu yu hai, alhamdulillahi, naye sasa ni msemaji kupita umri wake. Lakini tangu siku ile swali limekuwa halinitoki, nalo ndilo swali la makala haya: mtoto akizaliwa hafifu, je, hiyo ni kadari ya Mwenyezi Mungu ambayo hapana wa kuulizwa, au kuna mtu ana dhima? Na kama ana dhima, ni nani huyo?

Kwanza yatupasa tujue jambo lenyewe lilivyo, maana hukumu ya kitu ni tawi la kukijua. Waganga wa ulimwengu mzima wamekubaliana kwamba mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 2500, yaani kilo mbili na nusu, huhesabiwa kuwa na uzito mdogo. Na aliye chini ya gramu 1500 ni mdogo sana. Shirika la Afya Duniani na wenzake walikadiria kwamba katika mwaka 2020 walizaliwa watoto wa namna hiyo karibu milioni 20, yaani mmoja katika kila saba. Nao huja kwa njia mbili. Wako wanaozaliwa kabla ya siku, hawajatimiza wiki 37 tumboni, na hao ndio watu wawaitao njiti. Na wako waliotimiza siku zao lakini hawakukua kama walivyopasa kukua. Si kila mdogo ni mgonjwa. Wako wazazi wenye maumbile madogo wakazaa watoto wadogo wenye siha, na pacha huwa wadogo kwa kuwa wawili. Lakini kwa jumla mtoto hafifu ameanza safari na masurufu machache: hupoteza joto upesi, hunyonya kwa taabu, maradhi humpata kwa wepesi, na hatari ya kufa katika siku zake za mwanzo ni kubwa kuliko ya mwenzake.

Na chakula cha mtoto tumboni hakina njia ila moja, nayo ni kondo la nyuma. Humo damu ya mama hupita kando ya damu ya mtoto, na kutoka kwa mama huvuka chakula na hewa. Basi kila kilichopunguza damu ya mama, au kilichoziba njia ile, kimempunguzia mtoto. Mama mwenye upungufu wa damu hana cha kutosha cha kugawa. Mama mwenye presha, njia zake ni nyembamba. Na malaria ina hila yake peke yake: vijidudu vyake hujificha ndani ya kondo lenyewe, na mama aliyezoea homa za nchi huenda asihisi homa yoyote, akatembea na kufanya kazi na kusema yu mzima, na huku mtoto ananyimwa. Na aliye hatarini zaidi ni mwenye mimba ya kwanza, ambaye aghalabu ndiye mdogo na mwenye haya, wala hasemi.

Watu wa Taveta hawana haja ya kuambiwa malaria ni nini. Wazee wao wanakumbuka au wamesimuliwa kwamba katika miaka ya hamsini, mpaka 1959, nyumba za Taveta na za Pare ng'ambo ya mpaka zilipulizwa dawa iitwayo dieldrini ili kuua mbu, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Kisha upulizaji ukaachwa, na malaria ikarudi polepole. Watu walikuwa ni wale wale na Mola ni yule yule. Kilichobadilika ni kazi ya mikono.

Ziada ya hayo kuna mimba zilizofuatana mno, mama hajapumzika na mwingine amekwisha ingia. Na hapa msomaji akumbuke kwamba Qur'ani imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza. Kuna binti anayeozwa naye mwili wake mwenyewe haujamaliza kukua. Kuna kazi nzito. Kuna udongo na vijiwe wanavyotafuna wanawake wengi wenye himila, na huyo aghalabu ni mwenye damu chache. Na kuna lile ambalo mama yangu alilisema wakati wa daku, nalo limeenea pwani na bara: kwamba mja mzito ajinyime ili azae kwa wepesi. Ni kweli kuwa kuna watoto wakubwa wanaoleta taabu katika kuzaa, hasa mama akiwa na kisukari. Lakini kumpunguzia chakula mwanamke ambaye damu yake tayari ni chache ni sawa na kumpunguzia mafuta mwenye taa ifukayo moshi.

Ama kuhusu saumu yenyewe, nitasema kwa uadilifu. Wataalamu waliokusanya uchunguzi mwingi wa wanawake waliofunga Ramadhani na waliokula, hawakuona kwamba kwa mama mwenye siha saumu peke yake yapunguza uzito wa mtoto. Basi sisemi kwamba ni saumu iliyompunguza mwanangu. Huenda ni damu. Huenda ni mtungi wa maji. Huenda ni jua la Voi na daku la vijiko vitatu. Huenda ni yote pamoja. Ninalojua ni kwamba mke wangu hakuwa katika wale wenye siha, na ruhusa ilikuwa yake, na mimi ndiye niliyemtilia haya akaogopa kuitumia. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye himila akijikhofia nafsi yake hufungua na kulipa; na akimkhofia mtoto hufungua, akalipa, na kutoa kibaba kwa kila siku. Hukumu hii imo katika vitabu vidogo kabisa anavyoanza navyo mwanafunzi. Nami niliifunika kwa maneno ya kujisifu yasiyo na kitabu.

Na isidhaniwe kwamba athari ya njaa ya mama ni dhana tu. Katika msimu wa baridi wa 1944 na 1945, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kisiingie magharibi ya Uholanzi, na watu wa Amsterdam, mji uliokuwa na hospitali nzuri na wakunga waandikao kila kitu, wakashikwa na njaa kali. Wanawake waliokuwa katika miezi ya mwisho ya mimba walizaa watoto ambao kwa wastani walipungua karibu gramu 300. Ilipofika Mei 1945 chakula kikarudi, na uzito wa watoto nao ukarudi. Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba watoto wale wa tumboni walipofika umri wa miaka 50 walichunguzwa tena, wakaonekana miili yao inashindwa na sukari kuliko wenzao. Na Uingereza, katika jimbo la Hertfordshire, wakunga walianza mwaka 1911 kuandika uzito wa kila mtoto katika daftari. Daftari zile zikakaa, mpaka tabibu David Barker na wenzake walipozifuata karne ilipokaribia kwisha, wakaona kwamba waliozaliwa hafifu ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo walipokuwa watu wazima. Yaani mizani ya mkunga ilikuwa imekwisha andika khabari ya mzee wa miaka sitini.

Sasa twaja kwenye kadari. Wako wasemao, na hoja yao si ya kudharauliwa: "Je, si imepokewa kwamba malaika huamrishwa kuandika riziki ya mtoto angali tumboni? Basi kama riziki yake imeandikwa, uzito wake umo ndani ya riziki, na haya mazungumzo ya vidonge na mayai ni udhaifu wa imani."

Twasema: ndiyo, imeandikwa. Lakini yule asemaye hivi tumtazame zizini mwake. Mbuzi wake anapokuwa na mimba, humtafutia majani ya kijani hata yakiwa ng'ambo ya reli, wala hamfungi juani, wala hasemi "riziki ya kitoto chake imeandikwa." Kwa nini kadari imemjia mkewe isimjie mbuzi wake? Hapana shaka kwamba mtu huyu haamini kadari kwa mbuzi na kwa mtu kwa namna moja. Bali ameifanya kadari kuwa pazia la uvivu, ameliteremsha pale tu panapomgharimu.

Na Sayyidna Umar alipokaribia Sham akasikia kwamba tauni imeingia, akaazimu kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akamjibu kwa maana ya kwamba anaikimbia kadari kwenda katika kadari, kisha akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka bondeni, upande mmoja una malisho na upande mmoja mkavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Sisi wenyeji wa huku hatuhitaji kusafiri mpaka Sham ili tuufahamu mfano huu. Mtu asimame Voi ageuze uso: huku ni vilima vya Taita, Wundanyi na migomba yake na mito yake, huku ni nyika ya Tsavo. Mchungaji anayewaacha ng'ombe wake nyikani na akasema imeandikwa, watu wangemwitaje?

Basi ikiwa kadari haimvui mtu dhima, swali la pili ni hili: mtoto ambaye hajazaliwa, hana jina, hajalia, hajamjua yeyote, je, anaweza kuwa na haki juu ya mtu? Wenye falsafa wamelibishania jambo hili sana. Ama sheria yetu imekwisha kulikata kwa matendo kabla ya mabishano. Mtu akifa akaacha mke mwenye himila, fungu la aliye tumboni huwekwa katika mirathi, na ndugu zake wakubwa wenye ndevu hungoja. Mwenye kumpiga mwanamke mimba ikaharibika hutozwa dia ya aliyekuwamo. Yule mwanamke wa Ghamid aliyekuja mwenyewe kukiri kosa, Mtume (S.A.W.) aliiakhirisha adhabu mpaka azae, kisha mpaka mtoto aachishwe ziwa, adhabu ya Mwenyezi Mungu yenyewe imesimama kwa ajili ya mtoto. Na mwanamke aliyeachwa naye ana himila, Qur'ani imeamrisha atolewe masurufu mpaka azae, hata kama talaka ni ya kutorejewa. Talaka imekatika, lakini mume bado alisha. Anamlisha nani? Hapa ndipo ninaposita kila nisomapo. Ikiwa mtaliki hana udhuru, mume alaye chakula cha mchana na mkewe chini ya paa moja ana udhuru gani?

Na Umar huyo huyo alikuwa amepanga posho ya baitulmali kwa kila mtoto aachaye ziwa. Usiku mmoja alimsikia mtoto akilia mno, akamwuliza mama yake, naye asijue kwamba asema na Amiri, akamwambia kwamba anamwachisha kabla ya wakati kwa kuwa Umar hatoi posho ila kwa walioachishwa. Umar alihuzunika sana, akajihesabia watoto wa Waislamu aliowadhuru kwa amri yake, kisha akatangaza posho tangu kuzaliwa. Aliamuru kwa nia njema, na madhara yakampata mtoto kupitia kwa mama yake, bila ya yeye kujua. Na hakujitetea kwa nia.

Hapa patakuja wa kusema: "Lakini wewe mwenyewe umesema sababu ni nyingi. Kuna mume, kuna mama mkwe, kuna mwalimu aliyesema vibaya, kuna mbu, kuna ukame, kuna serikali na mifereji yake. Kila mmoja ana sehemu ndogo. Basi hapana mwenye kosa lenye kutajika." Hoja hii ndiyo iliyonishughulisha kuliko ya kadari, kwani ndiyo niliyojifariji nayo siku za mwanzo. Nilijiambia kwamba sehemu yangu ni robo, au thumuni.

Kisha nikakumbuka fardhi ya kifaya. Maiti akiwa mjini hajaoshwa wala hajazikwa, na wenye kuweza wote wakajua wakamwacha, je, dhambi hugawanywa kwa idadi yao, kila mtu akabeba punje yake? La. Kila mmoja hubeba dhambi kamili. Wingi wa watu haupunguzi dhambi ya mtu hata kidogo. Basi kama ni hivyo kwa maiti ambaye hatasikia njaa, haiwi nyepesi zaidi kwa aliye hai tumboni. Tangu mwaka 1957 bomba la Mzima limepeleka maji Mombasa likikatiza nchi yetu, na hata leo mwanamke wa Kaloleni au Mwakingali hujitwika mtungi na mimba yake. Wanaotawala maji wataulizwa ya maji. Lakini kuulizwa kwao hakunipunguzii mimi mtungi ambao mikono yangu ilikuwa inaweza kuubeba.

Na kwa mume jambo si kifaya tena, ni fardhi ya shingo yake. Nakiri kwamba katika vitabu vya madhehebu yetu wanachuoni wa kale wameandika kwamba chakula na nguo na makao ni juu ya mume, ama ujira wa tabibu na bei ya dawa si wajibu wake. Wako waume wa leo wanaolijua neno hili moja tu katika fikihi yote. Tunawaambia: walioandika hivyo waliandika katika zama ambazo tiba nyingi ilikuwa ni kubahatisha, na ada ya watu ilikuwa nyingine, na masurufu siku zote yamepimwa kwa ada na kwa haja. Leo kliniki ni katika haja za mwenye himila kama lilivyo godoro. Wala hata tukishika lile neno la kale kama lilivyo, vidonge vya chuma hutolewa bila ya malipo katika zahanati za serikali, na chandarua cha dawa vivyo hivyo. Kilichobakia ni chakula, na chakula ni wajibu kwa kauli ya wote. Maharagwe, mchicha, dagaa, yai, kipande cha maini kwa juma: kuna waume wanaosema hawana, na mugukaa hauwakosi mashavuni kila jioni.

Msomaji mmoja wa Taveta aliyeisikia khabari hii kabla haijaandikwa alinipinga. Alisema, "Bibi zetu walizaa watoto kumi mashambani, hawakujua kliniki wala mizani." Nikamwomba aende kwa bibi yake, maana yu hai, amwulize si alizaa wangapi, bali aliwazika wangapi. Alirudi baada ya Ijumaa mbili. Akasema, "Alizaa tisa, alizika watano." Wala hakuendelea na hoja yake, na mimi sikumwongezea.

Nataka niseme neno moja zaidi juu ya hatari iliyo upande wa pili. Mtu akisha kujua kwamba hali ya mama huathiri uzito wa mtoto, wepesi wa nafsi ni kumgeukia mama na kumlaumu: hukula, hukupumzika, hukwenda kliniki mapema. Nimewasikia mawifi wakisema hayo kitandani pa mzazi. Huu ni udhalimu. Yeye hakujipangia mtungi, wala hakujinyima yai, wala hakuificha mimba miezi mitano kwa ukaidi. Aliificha kwa kuwa tumemfundisha kuogopa kijicho cha watu kuliko upungufu wa damu. Katika Sura Luqman imetajwa taabu ya mama, udhaifu juu ya udhaifu, na ikatajwa ili ashukuriwe. Hatukuambiwa tuhesabu udhaifu ule kuwa ni kosa lake. Tena aliyepewa kombe la zafarani anywe akaambiwa latosha, wa kulaumiwa ni aliyempa akampokonya hospitali.

Wala mtoto hafifu si aibu, na thamani ya mja haimo katika kilo zake. Yule mkunga alinifundisha jambo ambalo naliandika hapa ili liwafae wengine. Alimvua mtoto nguo, akambakisha kofia na nepi, akamweka ngozi kwa ngozi kifuani pa mama yake, akamfunga kwa leso. Alisema ndivyo wafanyavyo sasa kwa wadogo, kama mnyama kangaruu na kitoto chake. Njia hii ilianza katika hospitali ya Bogotá huko Kolombia mwaka 1978, mashine za joto zilipokuwa hazitoshi. Na uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2021, uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba wadogo wakianzwa hivi mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao hupungua kwa robo kuliko wakingojewa kwanza wapate nguvu. Mama anapochoka, baba naye afaa. Basi nilikaa siku nyingi barazani kwangu, mwanangu yumo ndani ya kanzu, kifua kwa kifua, na wapitao wakiniamkia na kustaajabu. Mzee mmoja aliniuliza, "Shekhe, umeanza kulea?" Nikamwambia nimechelewa, lakini nimeanza.

Mke wangu nimemwomba radhi. Hakunijibu kwa maneno, alinipa mtungi. Mama yangu naye, tulipomweleza, alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba na yeye aliambiwa hivyo hivyo na mkwewe, na akawataja kwa majina wawili aliowazika kabla yangu, ambao mimi sikupata kusikia majina yao.

Yale niliyoyasema Shaabani ile nimeyarudisha, na yeyote aliyeyachukua kwangu ayaache. Darasa ya bab ya saumu itasomwa upya usiku wa Jumapili baada ya sala ya Isha, nayo itaanza pale pale nilipoongeza yangu. Pazia litakuwapo kama desturi. Wanaume waliotikisa vichwa siku ile nawaomba wasikose. Na kila mwenye mke mwenye himila aje na kitabu chake cha kliniki, tutakisoma pamoja na Minhaji.